Bonde Lililolindwa na Mbung'o

Bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, lina malisho ya kumvutia mfugaji yeyote, lakini kwa miaka mingi watu waliliogopa. Aliyewatisha ni mbung'o, mwenye vimelea vya malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe.

Mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine. Jike hulea buu mmoja tumboni kwa siku tisa au kumi, akimlisha maziwa yake, kisha humzaa kwenye udongo wenye kivuli. Buu hujifukia papo hapo, akomae humo. Kichaka kikifyekwa, udongo huchomwa na jua na uzao hufa. Kwa hiyo vichaka vilimhifadhi mbung'o, naye akazuia mifugo na majembe. Wanyamapori wakabaki. Sehemu ya bonde ikawa hifadhi mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, kilomita za mraba 120 za nyasi ndefu na migunga.

Katika kaunti jirani ya Migori, binadamu alijijengea kinga yake. Kuta za Thimlich Ohinga zimesimama tangu karne ya 16 hivi, nyingine zikipita mita nne, bila saruji wala udongo wa kushikizia. Mafundi walipanga mawe nje na ndani, wakajaza madogo katikati, yote yakabanana kwa uzito wake. Watu na mifugo walilala salama ndani. UNESCO iliziorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018, na zilistahili.

Huko Lambwe, mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa imempunguza mbung'o. Ni jambo jema kabisa, maana malale huua. Lakini mlinzi yule amedhoofika, na mashamba yamesogea hadi kwenye uzio wa mbuga.

Nahofia hatima ya korongo, swala mkubwa mwenye masikio marefu. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu 15 tu nchini Kenya, na Ruma ndiyo makao yao ya mwisho. Ndama wake hufichwa nyasini wiki za mwanzo, mama akija kumnyonyesha tu. Nyasi zikiungua wakati huo, fisi humwona mara moja. Ningependa kila ripoti ya Ruma, kabla ya kutaja idadi ya watalii, ieleze nyasi zilikuwa na urefu gani msimu wa kuzaa, na ni ndama wangapi waliofikisha mwaka.