Goma: Jaketi la kuokoa maisha likishonwa Birere, lipimwe kabla ya kupanda boti

Mwenye jaketi la kuokoa maisha lililokatika mkanda hana haja ya kwenda mbali. Birere, karibu na mpaka wa Rwanda, kuna mashini za kushona, mafundi viatu na wauzaji wa vitu vya mitumba. Kwa saa moja jaketi linarudi likiwa zuri kwa macho. Lakini kinachombeba mtu majini si kitambaa, ni sifongo iliyo ndani, na hapo ndipo ufundi wa haraka unapoweza kuua.

Ziwa Kivu limekwisha kutoa onyo zaidi ya mara moja. Aprili 2019, boti lilipozama upande wa Kalehe na watu wapatao 150 kutoonekana, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jaketi. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi, lililotoka Minova, lilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema lilibeba watu 278, na kwamba wasiopungua 78 walikufa. Wakati huo vita vilikuwa vimefunga barabara, na wengi hawakuwa na njia nyingine ila ziwa.

Sifongo ya jaketi ina vichumba vidogo vilivyofungwa, maji hayapiti. Ile ya godoro ina vichumba vilivyo wazi. Ukiitia majini inaelea dakika chache, kisha inakunywa maji na kuwa mzigo shingoni. Fundi asikubali kuitumia, hata mteja akisema ndiyo ya bei nafuu. Sifongo ya kweli nayo huchoka: jua huikausha, na abiria wanaokalia jaketi kama mto huibana mpaka inakuwa nyembamba.

Mkanda na kifungo vinatengenezeka vizuri. Uzi uwe wa nailoni, maana wa pamba huoza, na mshono upitishwe mara kadhaa. Jaketi lisipobana mwili hupanda usoni mtu akiingia majini. La mtoto linahitaji na mkanda wa kupita kati ya miguu. Lile la kujazwa hewa lisiguswe na sindano kabisa: tundu moja linalivujisha.

Kupima hakuhitaji maabara. Kwa maji yaliyotulia, kipimo cha kimataifa cha ISO kinadai jaketi la mtu mzima anayezidi kilo 70 liwe na nguvu ya nyutoni 100, yaani kuinua kama kilo 10. Chuma cha kilo 11 na nusu, kikiwa ndani ya maji, kinavuta kama kilo 10. (Jiwe la volkano la Goma lisitumike, lina matundu mengi na litadanganya.) Jaketi lizamishwe kwenye pipa kwa saa 24, kisha lifungwe chuma hicho na kuachwa bila kushikwa.

Likizama, lisirudi botini. Kitambaa chake na mikanda vinaweza kufumuliwa na kushonewa jaketi jingine ambalo sifongo yake bado ni nzima.