Miwani ya Kuhifadhi Unyevu kwa Wenye Macho Makavu

Miwani ya kuhifadhi unyevu ni ile ambayo fremu yake imezungushiwa ukingo laini wa silikoni au sponji unaolala juu ya ngozi kuzunguka jicho. Hewa iliyo kati ya lenzi na jicho hutulia, hupata unyevu kutokana na machozi yenyewe, na machozi hayo hukauka taratibu zaidi. Miwani hii haitengenezi machozi, inayalinda yaliyopo. Kwa hiyo haichukui nafasi ya matone ya kulainisha macho, bali huyasaidia yadumu.

Faida yake hutegemea chanzo cha ukavu. Utando wa machozi una ute, maji na, juu kabisa, mafuta yanayotoka kwenye tezi ndogo zilizopangana katika kingo za kope. Tezi hizo zikiziba, maji hukosa kifuniko na huyeyuka hewani upesi. Ndiyo maana mtu anayetiririkwa na machozi kila akipigwa na upepo huweza kuambiwa hospitalini kwamba macho yake ni makavu, akashangaa. Mtu huyu hunufaika sana na miwani hii. Hunufaika pia mwenye ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliyeuandikia tasnifu mwaka 1933. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate, na mara nyingine huandamana na baridi yabisi. Aliyepooza upande mmoja wa uso, asiyeweza kufumba jicho, yeye hasa asikose kinga, kwani konea inayokaa wazi usiku kucha huweza kupata kidonda.

Kabla ya kuulizia bei, mnunuzi ajue upepo unaomsumbua hutoka wapi. Karani anayeketi chini ya kiyoyozi hupigwa na hewa kutoka juu, na kompyuta humzidishia taabu kwa sababu anayekodolea skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida. Huyo huenda akatosheka na fremu ya kawaida iliyoongezwa vikingio vya juu na vya pembeni. Dereva wa bodaboda wa Dodoma au Kajiado hupambana na upepo na vumbi linalopenya hata chini ya kioo cha helmeti. Anahitaji ukingo uliozunguka jicho zima, lenzi za polikaboneti zisizopasuka kirahisi kokoto ikiruka, na mikono myembamba inayoingia ndani ya helmeti bila kubana.

Jambo zito kuliko yote ni namna miwani inavyokaa usoni. Fremu nyingi zinazoingizwa kutoka nje zimechongwa kwa ajili ya pua nyembamba iliyoinuka. Kwenye pua pana, ukingo hukaa vizuri juu ya nyusi na mashavuni lakini huacha mwanya kando ya pua, palepale karibu na kona ya jicho, na upepo hupitia hapo. Kipimo chake ni rahisi na kinafanyika dukani. Mteja huvaa miwani, huketi mbele ya feni iliyowashwa, hugeuza kichwa kulia na kushoto, kisha huinama kidogo. Upepo ukigusa kope, mahali unapoingilia hujulikana mara moja. Baada ya hapo aongee na kutafuna kitu, maana taya likisogea shavu huinua ukingo. Nywele za kope zisiguse lenzi. Akiivaa kwa nusu saa, alama nyepesi kwenye ngozi si tatizo. Maumivu juu ya pua au kichwa kubanwa ni dalili kwamba fremu ni ndogo. Muuzaji anayekataa miwani ijaribiwe hivyo hastahili kuaminiwa wala kupewa fedha.

Kero kubwa ya miwani hii ni ukungu. Unyevu uleule unaolisaidia jicho huganda kwenye lenzi iliyopoa, hasa mvaaji akiwa na jasho. Fremu nzuri huwa na matundu madogo yanayoweza kufunguliwa na kufungwa, na lenzi zilizopakwa dawa ya kuzuia ukungu. Kwenye joto la pwani silikoni hufaa kuliko sponji: huoshwa kila siku kwa maji na sabuni isiyo na manukato ikakauka upesi, ilhali sponji hunywa jasho na kuchakaa.

Rangi nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Weusi wa lenzi peke yake hauzuii mionzi ya urujuanimno. Alama ya kutafuta ni UV400. Lenzi za giza za daraja la 4 hazifai kuendeshea gari hata mchana, na usiku lenzi isiyo na rangi ndiyo salama. Dereva aangalie pia kwamba mikono mipana haimzuii kuona pembeni. Anayetumia miwani ya kusomea au ya kuonea mbali achague fremu inayokubali lenzi za vipimo vyake. Miwani ya kuogelea si mbadala, kwa kuwa huligandamiza eneo la jicho na haikuundwa kuvaliwa kutwa.

Jicho lenye maumivu makali, usaha, wekundu wa upande mmoja, au uoni hafifu usiosafika hata baada ya kupepesa, lisifunikwe kwa miwani yoyote. Lipelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.