Gharika, mafuta na dhamana ya jirani

 

Ndugu Waislamu, kila gharika inapozikumba nchi za wengine, hawakosekani miongoni mwetu wasemaji wepesi wa kuhukumu. Kimbunga Katrina kilipoupiga mji wa New Orleans, Marekani, tarehe 29 Agosti 2005, wapo waliosema kwamba mji ule ni wa ulevi na karamu, basi umepata malipo yake. Sisi hatuna elimu ya ghaibu. Mzee aliyezama kitandani mwake, siri yake iko baina yake na Mola wake. Tunachoweza kukichunguza ni kile kilichotendwa na mikono ya wanaadamu, na katika gharika ile hakikuwa kidogo.

Sehemu kubwa ya mji huo iko chini ya usawa wa bahari, nao hukingwa kwa kuta na matuta. Kuta zilipovunjika, asilimia 80 ya mji ilifunikwa na maji, na watu zaidi ya 1,300 walifariki katika maafa yote ya kimbunga hicho. Uchunguzi ulionesha kuwa baadhi ya kuta zilianguka kabla maji hayajafikia kimo zilichojengewa kukihimili. Hayo yameandikwa sana. Ambalo halikuzungumzwa sana kwetu ni mafuta.

Mashariki ya New Orleans iko wilaya ya St. Bernard, na ndani yake vitongoji vya Meraux na Chalmette, ambako nyumba za watu zimepakana na viwanda vya kusafishia mafuta. Katika kiwanda cha kampuni ya Murphy Oil huko Meraux lilikuwepo tangi lenye uwezo wa kubeba mapipa 250,000. Siku ile lilikuwa na mapipa 65,000 tu. Aliyewahi kuona debe likielea kisimani atafahamu yaliyofuata: mafuta ni mepesi kuliko maji, na tangi lisilojaa ni jepesi zaidi. Gharika ilipopanda, tangi lilinyanyuka kutoka kwenye msingi wake, likasogea na kupasuka. Tuta lililozunguka matangi ili kuzuia mafuta yasitoke lilikuwa limekwisha kufunikwa na maji. Yakamwagika mapipa 25,110 ya mafuta ghafi, yaani karibu lita milioni nne, yakaelea juu ya maji hadi katika nyumba zipatazo 1,700.

Maji yalipotoka, mafuta yalibaki. Yaliacha mstari mweusi kutani, yakazama katika magodoro, katika mbao za sakafu, na katika udongo wa viwanja wanamochezea watoto. Nguo iliyolowa maji ya mvua huanikwa ikavaliwa. Iliyolowa mafuta ghafi haina dawa ila kutupwa. Na ndani ya mafuta hayo mna benzini, ambayo kuivuta kwa muda mrefu kunajulikana kusababisha saratani ya damu.

Wala tusidhani sumu hutoka viwandani peke yake. Mjini kwenyewe magari kwa mamia ya maelfu yalizama na petroli yake, na makopo ya rangi, dawa za wadudu na asidi za betri yakaelea kutoka katika mabohari ya nyumbani. Hapa tuwaulize wazazi: ile chupa ya soda mliyotilia mafuta ya taa, na ile sumu ya panya iliyo chini ya kitanda, maji yakiingia usiku zitakwenda wapi?

Huenda msomaji akauliza kama maji yaliyoingia mafuta ni najisi. Mafuta ya petroli hayamo katika orodha ya najisi waliyoitaja wanazuoni wetu. Lakini jambo hili lisimhadae mtu. Kitu chaweza kuwa tohara na bado ikawa haramu kukinywa au kumnywesha mtoto, kwa sababu ya madhara yake. Twahara ni hukumu moja, na usalama wa mwili ni hukumu nyingine.

Tuje kwenye dhamana. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi waliujadili ukuta ulioinama kuelekea njiani: mwenyewe akionywa, naye ana uwezo wa kuubomoa, kisha akapuuza mpaka ukaanguka, basi atalipa ulichokiharibu. Hawakumkubalia kusema kwamba ni upepo ulioungusha, ingawa upepo unatoka kwa Allah. Nasi tunaona tangi la mafuta lililo jirani na vyumba wanamolala watoto, katika nchi inayopigwa na vimbunga mara kwa mara, linaingia katika mlango huohuo; na Allah ndiye Mjuzi zaidi. Mwaka 2007 mahakama ya Marekani iliidhinisha mapatano ya dola zipatazo milioni 330 baina ya kampuni ile na wakazi, pamoja na mpango wa kuzinunua nyumba za mitaa iliyo karibu zaidi na kiwanda.

Wako ambao haki yao haikuja upesi namna hiyo. Ndani ya New Orleans, katika eneo la Agriculture Street, palikuwa na jaa la mji lililofunguliwa mwaka 1909. Baadaye, miaka ya 1970 na 1980, juu ya jaa hilo zilijengwa nyumba na shule, na familia za Wamarekani weusi zikauziwa makazi hapo. Udongo ulikutwa na risasi na aseniki, na mwaka 1994 serikali ya shirikisho iliingiza eneo hilo katika orodha ya maeneo yenye sumu ya kusafishwa. Katrina ikaja ikalifunika kwa maji. Mwezi Juni 2022 ndipo baraza la mji lilipopitisha dola milioni 35 za kuwahamisha wakazi wa mtaa wa Gordon Plaza uliomo humo. Tangu 1994 ni miaka 28, na aliyeingia katika nyumba hizo akiwa mtoto mchanga alikuwa amekwisha kufikia umri wa kuwa na watoto wake mwenyewe.