Umebakisha miaka mitano kazini: je, utaishi wapi?

SIKU ya kustaafu haimjii mtu kama mwizi. Hujulikana tangu asubuhi ile alipojaza tarehe yake ya kuzaliwa katika fomu ya kuajiriwa. Hata hivyo, inashangaza jinsi inavyowakuta wengi wakiwa hawajaamua jambo moja la msingi, yaani mshahara ukikatika, wao na wenzi wao wataishi wapi.

Kwa watumishi wengi wa serikali nchini Kenya umri huo ni miaka 60. Ulikuwa 55 hadi mwaka wa 2009 ulipoongezwa, na waliokuwa wakikaribia mlango wakashusha pumzi. Wapo walioitumia miaka hiyo mitano kujipanga. Wapo pia walioona wameongezewa muda wa kutolifikiria jambo lenyewe.

Tuanze na pesa, kwa kuwa nyumba hujengwa kwa hesabu kabla ya mawe. Chukua mfano wa karani wa wizara aliye katika mpango wa zamani wa pensheni, uliokuwapo kabla ya ule mpya wa kuchangia kuanza Januari 2021. Mshahara wake wa msingi ni Sh60,000 kwa mwezi, naye ametumika miaka 30, ambayo ni miezi 360. Kila mwezi aliotumika humpa sehemu moja ya 480 ya mshahara wa mwaka. Hivyo basi pensheni yake ni Sh540,000 kwa mwaka. Akichagua kulipwa robo yake kwa mkupuo, robo hiyo huzidishwa mara 20, naye hupokea Sh2.7 milioni kwa pamoja. Zinazobaki ni Sh405,000 kwa mwaka, na hizo hulipwa kila mwezi: Sh33,750.

Mtazame sasa bwana huyu. Huenda hajawahi kushika hata nusu milioni mkononi. Akisikia milioni mbili na ushei, anaota ghorofa. Lakini igawe pesa hiyo kwa miaka 20 ambayo huenda akaishi, utaona kwamba ni Sh11,250 kwa mwezi. Marupurupu ya nyumba nayo yamekatika. Kama bado amepanga mjini kwa Sh20,000, pensheni yake ya mwezi inamwachia Sh13,750 za unga, stima, maji, nauli na dawa. Tena, si jambo geni malipo ya kwanza kuchelewa kwa miezi kadhaa huku mwenye nyumba akibisha mlango.

Katika hali kama hii ndipo mkupuo huingia majaribuni. Wasomaji wenye umri watakumbuka mpango wa kustaafu kwa hiari serikalini katika miaka ya 1990, na matatu kuukuu zilizonunuliwa kwa pesa hizo na watu ambao hawakuwahi kuendesha hata baiskeli. Siku hizi jaribu kubwa si matatu. Ni nyumba ya mawe huko nyumbani mashambani.

Sisemi kwamba tamaa hiyo ni ya kipumbavu. Katika jamii zetu nyingi, mtu aliyekaa mjini miaka 30 akarudi na kitanda, kabati na redio juu ya lori, bila nyumba ya kuingia, huchekwa hadi na watoto. Kwa hivyo hujenga vyumba vitano vya kulala, veranda yenye nguzo na paa la vigae, ili ijulikane kwamba alikuwa mjini kweli. Milioni mbili humalizikia kwenye linta. Wanawe wana kazi zao Mombasa na Nairobi, nao hulala humo siku tatu za Krismasi. Siku nyingine zote ni wazee wawili, popo na vumbi. Nyumba hiyo haileti senti, wala si rahisi kupata mnunuzi wa jumba lililo katikati ya boma la ukoo.

Afadhali nyumba ndogo ya vyumba viwili iliyokamilika, yenye tangi la maji ya mvua na choo ambacho mzee mwenye magoti mabovu anaweza kukifikia usiku.

Kuna suala jingine ambalo waume wengi hulirukia. Je, mama amekubali? Aghalabu bwana huzungumzia kurudi nyumbani kana kwamba anahama peke yake. Mkewe ana kibanda cha mboga au cherehani inayoingiza pesa kila siku, ana chama chake, kanisa au msikiti wake, na wajukuu wako mtaa wa pili. Kumng'oa hapo ni kuikata mapato nyumba iliyokwisha kupoteza mshahara mmoja. Wapo pia wake waliolima shamba miaka yote hiyo peke yao, na sasa wanaletewa bwana asiyejua jembe lakini anayetaka kuamuru. Mambo haya yazungumzwe mezani mapema, kabla ya barua ya ofisi kufika.

Njia rahisi ya kujipima ni kuchukua likizo ya mwezi mzima mkaishi huko. Msiende Disemba wakati kila mtu yuko na kila nyumba inachinja. Nendeni Aprili, mvua ya masika ikinyesha na barabara ikiwa tope. Mtajua hospitali iko umbali gani, na dawa ya presha ya damu inapatikana wapi. Na huko hospitalini, kumbuka kwamba mchango wa bima ya afya ya SHA, ambao mwajiri amekuwa akiukata kwenye mshahara, utalazimika kuulipa mwenyewe.

Kama uamuzi ni kubaki mjini au pembezoni mwake, basi nyumba itafutwe ukiwa bado kazini. Benki kwa kawaida hutaka mkopo wa nyumba umalizike kabla ya mshahara kwisha, kwa hivyo mwenye miaka 50 ana miaka kumi tu ya kulipa, na mwenye 57 hana la kuzungumza nao. Aliye katika mpango wa malipo ya uzeeni unaomwekea akiba yake, kama ilivyo katika kampuni nyingi, ana nafasi nyingine: tangu mwaka wa 2020 kanuni zinamruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya akiba hiyo kununua nyumba ya kuishi, mradi isizidi Sh7 milioni. Ajue tu kwamba anakula mbegu. Pensheni itapungua kwa kiasi hicho.

Wanaonunua ploti wawe macho zaidi. Cheti cha hisa cha kampuni ya kuuza ardhi si hatimiliki, hata kikiwa na muhuri mwekundu. Fanya utafutaji katika sajili ya ardhi kabla ya kutoa hata arubuni. Na kama ardhi ni ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ni lazima, nayo huombwa katika miezi sita tangu mliposikizana. Kuna wazee waliolipa kila kitu wakaja kuambiwa mauziano yao hayakuwa na nguvu kisheria.

Vyumba vya kupangisha ni wazo zuri, ila wengi huhesabu kama kwamba vyumba vyote hujaa na wapangaji wote hulipa. Ondoa miezi miwili kwa mwaka, ondoa rangi na mabomba, kisha ukumbuke kwamba anayekusanya zaidi ya Sh288,000 kwa mwaka hutozwa na KRA asilimia 7.5 ya kodi hiyo, kiwango kilichoanza Januari 2024.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msidhani haya ni ya wazee pekee. Ikiwa baba atastaafu ukiwa mwaka wa pili chuoni, karo yako imo katika ile Sh33,750. Muulize leo. Muulize pia fomu yake ya warithi katika mpango wa malipo ya uzeeni iliandikwa lini, kwani kuna wafanyakazi ambao bado wamemwandika mama yao aliyekwisha kufariki, kwa sababu walipoijaza walikuwa hawajaoa. Fomu hiyo hubadilishwa mtu akiwa hai.