Simu Mkononi au Simu Ndani ya Kompyuta: Fedha Yako Iende Wapi?

Anayeanza kutengeneza programu za Android hukutana na suala la fedha mapema. Programu anayoiandika kwenye kompyuta ataijaribu wapi, na simu ataiunganishaje ili ayaone makosa yakitokea? Njia ni tatu: waya wa USB, waifai, au simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta. Msimamo wangu ni kwamba mwenye fedha kidogo anunue waya mzuri na simu ya mtumba, mengine yasubiri mpaka kazi ianze kumlipa.

Simu ya kuigiza inawavutia wengi kwa sababu haiuzwi. Android Studio, programu ya kuandikia programu za Android, ni ya bure na simu hiyo inapatikana humo humo. Gharama yake imo kwenye mashine. Google wanataka RAM ya GB 8 kwa Android Studio peke yake, na GB 16 ukitaka kuendesha na simu ya kuigiza. Laptop za mtumba ambazo mwanafunzi anazimudu mara nyingi haziifikii GB 16, na baadhi RAM yake imeunganishwa kwenye ubao moja kwa moja, haiongezeki. Bado bando: mfumo wa simu hiyo hupakuliwa kivyake, na peke yake unaweza kupita GB 1.

Simu halisi ya mtumba haidai hayo. Kioo kikiwa na ufa si hoja, mradi kinaitikia kidole. Tena simu ya RAM ya GB 2 itakufundisha jambo ambalo kompyuta yenye nguvu hukuficha: jinsi programu yako inavyojikokota mikononi mwa mteja wa kawaida. Kuitayarisha hakuna malipo. Unaingia kwenye mipangilio, unagusa nambari ya muundo mara 7, chaguo za wasanidi zinafunguka, unawasha utatuzi wa USB, kisha unakubali ombi linalotokea kwenye kioo kwamba unaiamini kompyuta hiyo. Windows huenda ikahitaji draiva ya kampuni iliyotengeneza simu, nayo ni ya bure. Mac haihitaji draiva.

Sasa waya, maana hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima. Nyaya nyingi za bei ya chini ni za kuchajia tu. Simu itaonyesha inachaji, kompyuta haitaiona, nawe utalaumu draiva, utafuta Android Studio na kuipakua upya kwa bando lako. Tazama ndani ya kichwa kile kipana kinachoingia kwenye kompyuta: waya wa data una vibati vinne, viwili vya pembeni vya umeme na viwili vya katikati vya data. Vya katikati vikikosekana, rudisha. Vikiwepo usiridhike bado, kwa kuwa huenda huko ndani havikuungwa. Mwombe muuzaji uujaribu hapo hapo dukani kwa simu na kompyuta. Simu ikikupa chaguo la kuhamisha faili na kompyuta ikazifungua, lipa. Unene wa waya na urembo wa pakiti havikuhakikishii lolote.

Waifai inafaa pale tundu la chaji linapoanza kulegea kwa kuchomekwa mchana kutwa. Kuanzia Android 11, iliyotoka mwaka 2020, simu huoanishwa na kompyuta kwa tarakimu 6 bila waya kabisa, almuradi zote ziko kwenye mtandao mmoja. Mawasiliano ya vifaa hivyo viwili hayali bando, kwa sababu hayatoki nje ya mtandao huo. Kinachokula ni masasisho ya Windows, basi ukitumia hotspoti iambie kompyuta kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Betri nayo itaisha haraka, kwani simu haichaji tena kutoka kwenye kompyuta. Kwa simu za zamani ipo njia ya kupitia mlango namba 5555, lakini haisimbi mawasiliano. Itumie nyumbani, si kwenye waifai ya mgahawa.

Kwa iPhone hesabu ni nyingine kabisa. Bila Mac huiendeshi Xcode, programu ya kutengenezea programu za iPhone. Kwa akaunti ya bure ya Apple unaweza kuweka programu kwenye simu yako mwenyewe, ila baada ya siku 7 haifunguki mpaka uiweke upya. Akaunti kamili ni dola 99 kila mwaka, wakati Google Play hutoza dola 25 mara moja tu. Mteja akitaka ya iPhone, gharama hizo ziingie kwenye makadirio ya bei kabla hamjasaini mkataba.