Amri Zinazomkuza Mbu

Watu wengi hudhani kuwa mbu hutuuma kwa sababu ya njaa, kama simba anavyomkamata ng'ombe. Sivyo mambo yalivyo. Chakula cha mbu cha kila siku ni maji matamu ya maua na mimea, naye mbu dume hajui chakula kingine maisha yake yote. Ni mbu jike tu atafutaye damu, naye huitafuta kwa ajili ya mayai yake. Mayai hayo hayawezi kukua mpaka mwili wake utoe amri. Yafaa tuzijue amri hizo, kwa maana zinahusika sana na njia ya malaria, na siku hizi wataalamu wanazitumia kama silaha ya kumpiga nayo mbu mwenyewe.

Amri hizo huitwa homoni. Homoni ni kitu kinachotengenezwa na tezi au ubongo kwa kiasi kidogo mno, kisha huchukuliwa na damu mpaka kwenye viungo vingine na kuviambia vifanye kazi gani, na kwa wakati gani. Wanadamu tunazo zetu. Ndizo zinazomfanya mvulana abadilike sauti na kuota ndevu wakati wake ufikapo. Wadudu nao wanazo zao.

JINSI ZILIVYOGUNDULIWA

Mwingereza mmoja, V. B. Wigglesworth, alizichunguza habari hizi huko London kwa kutumia mdudu mnyonya damu wa Amerika ya Kusini, aitwaye Rhodnius. Mdudu huyo hujivua ngozi kila baada ya kunywa damu nyingi, naye hukua kwa njia hiyo. Wigglesworth aliona ya kuwa akimkata kichwa mdudu mara tu baada ya kunywa damu, mdudu huishi miezi mingi lakini hajivui kamwe. Akimkata baada ya siku kadhaa kupita, hujivua kama kawaida. Kisha akawaunganisha wadudu wawili wa namna hizo shingo kwa shingo, damu ya mmoja ikapita kwa mwenziwe. Na yule wa kwanza naye akajivua. Basi ikadhihirika kwamba amri ilitoka kichwani, na kwamba ilisafiri katika damu. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1934. Mwaka 1936 alionyesha kwamba iko homoni ya pili, ambayo humzuia mdudu asikue upesi kabla ya wakati wake.

Homoni ya kujivua ilipewa jina la ekdisoni. Mwaka 1954 Wajerumani wawili, Adolf Butenandt na Peter Karlson, walifaulu kuitenga peke yake. Walitumia kilo 500 za nondo wa hariri wachanga, wakapata miligramu 25 tu, kiasi cha punje moja ya mchele. Hapo msomaji aweza kufahamu jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuwa na nguvu nyingi.

MAISHA YA MAJINI

Yai la mbu likianguliwa majini hutoka kiluwiluwi. Kiluwiluwi hujivua ngozi mara kwa mara, na kila mara huwa mkubwa zaidi, mpaka afikie hali ya nne. Wakati huo wote homoni mbili zinafanya kazi pamoja. Ekdisoni husema, "Jivue." Ile ya pili, ambayo twaweza kuiita homoni ya utoto, husema, "Jivue, lakini ubaki mtoto."

Kiluwiluwi wa hali ya nne akiisha kula chakula cha kutosha, homoni ya utoto hupungua. Ekdisoni ijapo mara hii, hakuna wa kuizuia, naye hujigeuza akawa bundo, yaani kile kidudu kilichojikunja, kisichokula. Ndani ya bundo hutengenezwa mabawa, miguu na mdomo wa kuchoma, na baada ya siku chache mbu huruka. Katika nchi za joto safari yote hiyo, tangu yai mpaka mbu, yaweza kumalizika katika muda wa siku saba hadi kumi na nne.

DAMU NA MAYAI

Mbu jike akisha kuruka, homoni ya utoto humrudia tena, lakini sasa ina kazi nyingine. Katika siku zake za kwanza huyatayarisha mayai machanga tumboni. Yakisha tayarishwa, mayai husimama, kama mkulima aliyekwisha kulilima shamba lake akingojea mvua. Kwa mbu wengi wanaotusumbua, mvua hiyo ni damu.

Tumbo likijaa damu, ubongo hupata habari na kutoa homoni zake. Hizo huviamuru viungo vya mayai vitengeneze ekdisoni, ile ile iliyomvua ngozi alipokuwa kiluwiluwi. Ekdisoni nayo huyaamuru mafuta ya mwilini mwake yafanye chakula cha kutia katika viini vya mayai. Baada ya siku mbili au tatu mayai huwa tayari, mara nyingi mia moja hivi au zaidi, naye huenda kuyataga majini. Kisha huanza upya kutafuta damu.

Hapo ndipo penye hatari. Vijidudu vya malaria ambavyo mbu amevinywa kwa mgonjwa huhitaji kiasi cha siku kumi au zaidi mwilini mwake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Kama mbu angeuma mara moja tu katika maisha yake, malaria isingepita kwa mtu yeyote. Lakini kwa kuwa kila uzazi wataka damu mpya, hurudi tena na tena, na siku moja hurudi akiwa na ugonjwa mdomoni, akamwuma mtoto aliyelala pasipo chandarua.

KUMDANGANYA MBU

Mtaalamu Karel Sláma alitoka Prague na wadudu wake, akaenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Huko wadudu wale wakakataa kabisa kuwa wazima. Walibaki watoto mpaka wakafa. Baada ya uchunguzi ikaonekana sababu ni karatasi zilizowekwa katika vyombo vyao. Zilitengenezwa kwa mti wa Amerika wenye kitu kinachofanana na homoni ya utoto. Hivyo ilijulikana kwamba mdudu aweza kudanganywa.

Siku hizi ziko dawa zilizotengenezwa kwa maarifa hayo, kama vile methopreni na piriproksifeni. Shirika la Afya Ulimwenguni limekubali piriproksifeni itiwe hata katika maji ya kunywa yaliyowekwa akiba, kwa kipimo kisichozidi miligramu 1 kwa lita 100 za maji. Lakini ni lazima itiwe na watu waliofundishwa, na isimwagwe ovyo mitoni, kwa kuwa yaweza kuwadhuru wadudu wengine na viumbe wadogo wa majini.

Neno moja likumbukwe sana. Dawa hii si sumu ya kuua papo hapo. Mtu akichungulia katika tangi lililotiwa dawa atawaona viluwiluwi wakichezacheza kama jana, akasema, "Tumedanganywa," akayamwaga maji. Aliyedanganywa si yeye, bali kiluwiluwi. Atakula na kukua, lakini siku ya kugeuka kuwa mbu atakufa hali ni bundo. Basi dawa hupimwa kwa kuhesabu mbu wanaoruka, si viluwiluwi wanaoogelea.

Dawa hiyo imetiwa pia katika vyandarua vingine, ili mbu jike akikigusa chandarua awe tasa. Hata hivyo majaribio yaliyofanywa Misungwi, karibu na Mwanza, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2022, hayakuonyesha kwa yakini kwamba vyandarua hivyo vilishinda vile vya kawaida kwa muda wa miaka miwili. Vile vilivyotiwa dawa nyingine, klofenapiri, ndivyo vilivyofanya vizuri zaidi. Kwa hiyo elimu hii bado inaendelea.

Lakini hata asiye na dawa yoyote aweza kuitumia elimu hii. Mbu wa homa ya kidingapopo, ambayo imewasumbua watu wa Mombasa mara kwa mara, huzaa katika mitungi, mapipa na matairi yaliyotupwa. Mwenye kumwaga maji hayo kila juma huukata ukuaji wake kabla amri ya mwisho haijatolewa. Asugue na kuta za chombo pia, kwani mayai ya mbu huyo hushikamana nazo, na huweza kukaa makavu miezi mingi yakingojea maji. Na alalaye ndani ya chandarua kizima humnyima mbu jike kile anachokingojea, na pasipo damu amri ya mayai haitoki.