Picha ya Tengeru na maneno yaliyoandikwa chini yake

Muhula uliopita picha moja ilizunguka sana kwenye grupu letu la WhatsApp. Watoto wa Kizungu wamesimama mistari mbele ya nyumba za msonge zenye kuta nyeupe, na nyuma yao kuna mlima. Chini yake mtu kaandika: "Wayahudi waliomkimbia Hitler wakapokelewa Tanganyika." Kuna aliyeweka moyo, kuna aliyeweka machozi, na kuna aliyeuliza mbona sisi tukitaka kwenda kwao tunanyimwa viza. Jioni tukabishana vimbwetani mpaka giza likaingia. Picha yenyewe ni ya kweli. Tatizo lilikuwa maneno ya chini yake.

Mlima ule ni Meru, na mahali ni Tengeru, karibu na Arusha. Watoto wale walikuwa Wapoland, wengi wao Wakatoliki, na aliyewatoa makwao hakuwa Hitler bali Stalin. Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na kabla mwezi haujaisha Jeshi la Kisovieti likaingia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 mamia ya maelfu ya watu wa upande ule wa mashariki walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1941 Hitler akamgeuka Stalin, na Wapoland wakaruhusiwa kutoka. Mwaka 1942 maelfu walivuka Bahari ya Kaspi wakaingia Iran, na kutoka huko Waingereza wakawatawanya kwenye makoloni yao.

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia. Meli zilizowaleta zilitia nanga Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na hata Beira. Kwa Tanga ya wakati ule meli kubwa ilisimama mbali na gati, na watu na mizigo yao walishushwa kwa matishari. Kisha ipo reli: Muheza, Korogwe, Mombo, mkonge kushoto na mkonge kulia, mpaka Moshi na Arusha. Tengeru peke yake ilikuja kuwa na watu karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, maana wanaume walikuwa jeshini au walikufa. Walikuwa na shule, kanisa, hospitali na mashamba. Walikuwa na kamera pia, ndiyo maana picha zao ni nyingi, na wengi katika picha hizo wanatabasamu.

Sasa Wayahudi walikuwa wapi? Wengine walikuwamo humohumo. Miongoni mwa waliotoka Urusi kwenda Iran walikuwamo watoto wa Kiyahudi zaidi ya 800, wengi wakiwa yatima. Wanaitwa Watoto wa Tehran, na mwaka 1943 walipelekwa Palestina. Hata makaburi ya Tengeru, ambayo yapo mpaka leo na yanatunzwa, yanasimulia kitu: karibu makaburi 150, mengi ya Wakatoliki, machache ya Waorthodoksi, na moja la Myahudi.

Lakini wale waliomkimbia Hitler moja kwa moja wana picha za aina nyingine kabisa. Mwaka 1938 serikali ya Wanazi iliamuru kila Myahudi wa Ujerumani awe na kitambulisho chenye herufi J, na kwenye picha yake sikio la kushoto lazima lionekane. Ukizitazama utaona watu wazima, madaktari, mawakili, wauza nguo, wamegeuza uso upande kama wahalifu kituo cha polisi. Pasipoti zao nazo ziligongwa J. Kwa hiyo karatasi ileile ambayo mtu aliihitaji ili atoroke ndiyo iliyomtangaza kila mpakani. Afisa wa nchi nyingine akiiona anajua huyu harudi alikotoka, na wengi wao walinyimwa viza kwa sababu hiyohiyo.

Afrika Mashariki iliingiza wachache tu. Anayejulikana zaidi ni Stefanie Zweig, aliyefika Kenya mwaka 1938 akiwa mtoto mdogo. Baba yake, wakili, akageuka msimamizi wa shamba ambaye hakujua kilimo. Vita vilipoanza mwaka 1939 Waingereza waliwakamata Wajerumani wote, na familia hizi za Kiyahudi zikahesabiwa Wajerumani. Yaani Berlin wanaambiwa si Wajerumani, Nairobi wanaambiwa ni Wajerumani. Zweig aliandika kitabu, na filamu iliyotokana nacho ilipata Oscar mwaka 2003.

Ndiyo maana maneno ya kwenye grupu yaliniudhi. Yanatupa sifa ya kuwaokoa watu ambao wengi wao hawakufunguliwa mlango. Tena hata hao Wapoland, aliyeamua waje alikuwa mkoloni. Babu zetu hawakuulizwa. Walikuwa wapagazi, wajenzi na wapishi, na kwenye picha nyingi wanaonekana pembeni bila jina, kama wanaonekana kabisa.

Jambo lingine ni aliyeshika kamera. Karibu kila mmoja wetu ameiona ile picha ya mtoto wa Warsaw amevaa kofia, mikono juu, askari kamwelekezea bunduki. Mara nyingi tunaitazama kama ushahidi wa mtu aliyewahurumia. Hapana. Ilipigwa upande wa Wajerumani mwaka 1943 na ikabandikwa kwenye ripoti ya Jürgen Stroop, kamanda aliyeteketeza ghetto ile, ili wakubwa wake waone kazi imekwisha. Leo tunailia, lakini iliwekwa mle kama ya kujisifia.

Kuna picha za hapa kwetu Tanga ambazo kosa lake ni gumu zaidi kulishika. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, wakulima wa bonde la mto Juba walishambuliwa, wakaporwa, wakauawa. Wengi walikimbilia Kenya. Wengine wakaja mkoani kwetu, wakawekwa Mkuyu, Handeni, na baadaye Chogo. Picha zao zimepigwa zaidi na wageni, watu wa mashirika na waandishi wa habari, na maneno chini yake ni mafupi: wakimbizi wa Kisomali. Kila neno hapo ni sahihi. Walikuwa wakimbizi, na wametoka Somalia.

Ila walikuwa Wazigua. Wazee wao walichukuliwa pwani hii karne ya 19, wakati wa njaa, wakapakiwa majahazini wakauzwa utumwani kaskazini. Wakatoroka, wakajenga vijiji vyao msituni kando ya Juba, na wakaishika lugha yao. Zaidi ya miaka mia baadaye wajukuu wakarudi Handeni na kusikilizana na wenyeji kwa Kizigua. Hakuna picha ya safari ya kwenda. Ya kurudi ipo, na anayeitazama bila kuambiwa ataona wageni wamefika, wakati wenyewe walihesabu wamerudi kwao. Wengi baadaye walipewa uraia.

Tuliporudi hosteli usiku ule niliandika masahihisho grupuni. Aya nne, bila matusi. Dada mmoja wa mwaka wa pili akasema asante, mwingine akauliza kama itakuja kwenye mtihani. Aliyeiweka akakubali, akabadilisha maneno: "Wapoland, Tengeru, miaka ya 1940." Nikadhani yamekwisha. Juzi imerudi tena kutoka grupu la chuo kingine, ikiwa na Hitler wake, Wayahudi wake na mioyo yake yote.